Mkondo Ndani ya Figo: Jinsi Maji Yanavyoziamrisha Seli

Vitabu vya baiolojia tunavyofundishia sekondari huieleza kazi ya figo kwa hatua tatu: damu huchujwa, vitu vyenye thamani hurudishwa mwilini, na taka zilizobaki hutolewa kwa mkojo. Maelezo hayo ni sahihi, na mwanafunzi anayeyashika vizuri hujibu swali lake la mtihani bila ya taabu. Hata hivyo yanaacha nje jambo ambalo mimi, kwa kulifundisha somo hili hapa Pemba mwaka baada ya mwaka, nimekuja kuliona kuwa ndilo linaloifanya figo iwe figo. Maji yanayopita ndani ya mirija yake ndiyo yanayoziambia seli za mirija hiyo zifanye kazi kiasi gani. Seli huuhisi mkondo unaozipitia, huipima nguvu yake, na kwa kufuata kipimo hicho huongeza au hupunguza kazi zao. Na mkondo ukisimama kwa muda mrefu, huziacha kazi hizo moja baada ya moja. Nimeona niliandike jambo hili kwa sababu halimo katika masomo ya skuli zetu, na kwa sababu katika visiwa hivi, ambako kichocho kimewaziba watu njia za mkojo kwa vizazi vingi, lina uzito wake wa peke yake.

Kiasi cha maji chenyewe ni cha kustaajabisha. Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban mililita 125 kwa dakika, sawa na lita 180 kwa siku. Plazma, yaani sehemu ya maji ya damu, kwa mtu mmoja ni lita tatu hivi, kwa hiyo maji yale yale hupitishwa kwenye vichujio kiasi cha mara 60 baina ya alfajiri moja na nyingine. Kazi hiyo imegawanywa kwa nefroni zipatazo milioni moja katika kila figo, na kila nefroni ni kichujio kidogo cha mishipa ya damu kinachofuatwa na mrija mmoja mrefu, uliopindapinda, usioonekana kwa jicho. Ukizigawa zile mililita 125 kwa nefroni milioni mbili, utakuta kila mrija unapokea nanolita 60 hivi kwa dakika, na nanolita ni sehemu moja katika bilioni ya lita. Sehemu ya mwanzo ya mrija hurudisha mwilini karibu theluthi mbili ya maji na chumvi iliyopokea, pamoja na glukosi yote kwa mtu asiye na kisukari. Kitanzi cha Henle, sehemu ya kati ya mrija, hurudisha fungu jingine. Na mwisho wa safari, kwenye mfereji wa kukusanyia mkojo, hubaki lita moja mpaka mbili kwa siku. Maana yake ni kwamba ndani ya mrija huo huo mmoja mkondo ni mkali mwanzoni na dhaifu sana mwishoni, na seli za kila sehemu zimezoea mkondo wake na kuutegemea.

Kila Ramadhani huja mwanafunzi akaniuliza: "Mwalimu, mchana wa saumu figo nazo zinapumzika?" Ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Mtu aliyefunga hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa manjano iliyokoza, lakini kwa mtu mwenye afya uchujaji haupungui kiasi cha kutajika. Zile lita 180 huendelea kuchujwa kwa kasi ile ile, na mkondo wa sehemu ya mwanzo ya mrija huwa karibu sawa na wa siku nyingine. Kinachobadilika ni mwisho wa mrija, ambako homoni ya kuzuia mkojo, itokayo kwenye ubongo, huziamrisha seli za mfereji wa kukusanyia zipachike milango mingi ya maji kwenye utando wao, na maji yakanyonywa mpaka kubaki machache tu. Milango hiyo huitwa akwaporini, na Peter Agre wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuivumbua. Mfungaji hudondosha mkojo kidogo huku figo zake zikiwa katika kazi nzito.

Jambo la kwanza ambalo mkondo huliamuru hutokea katika sehemu ile ya mwanzo. Wanafiziolojia walikwisha kujua kwa miongo mingi kwamba kiasi kinachochujwa kikipanda, kiasi kinachorudishwa nacho hupanda kwa uwiano ule ule, ili theluthi mbili ibaki kuwa theluthi mbili. Bila ya ulinganifu huo tusingeweza kuishi. Fikiria siku ya Idi: mtu amekula pilau na nyama nyingi, na protini hiyo huitanua mishipa inayoingiza damu kwenye vichujio, uchujaji ukapanda kwa muda. Tuseme umepanda kutoka mililita 125 hadi 150 kwa dakika. Ikiwa mirija haikuongeza kazi yake, zile mililita 25 za ziada, zikiachwa zipite mpaka mwisho, ni lita moja na nusu ya maji yenye chumvi inayopotea kila saa. Haipotei, kwa sababu seli huongeza unyonyaji papo hapo. Sehemu ya maelezo iko upande wa damu, kwani damu iliyochujwa zaidi huwa na protini nzito zaidi inayoyavuta maji kurudi kwenye mishipa. Lakini maelezo hayo peke yake hayakutosha, kwa sababu hata mrija uliotolewa nje ya mwili na kupitishiwa maji kwa sindano nyembamba, bila ya damu yoyote pembeni yake, huongeza unyonyaji pale maji yanapoongezwa kasi. Lazima seli yenyewe iwe na namna ya kuujua mkondo.

Jibu lilipendekezwa mwaka 2000 na kundi alilokuwamo Sheldon Weinbaum, mhandisi wa City College ya New York, na nadhani ilimhitaji mhandisi kuliona. Uso wa ndani wa seli za mwanzo wa mrija umejaa vijinywele vilivyosongamana, maelfu kwa kila seli, kila kimoja kikiwa na urefu wa mikromita mbili mpaka tatu. Vitabu vinatuambia kwamba kazi yake ni kuongeza eneo la kunyonyea, na hilo ni kweli. Weinbaum na wenzake walipiga hesabu ya nguvu ambayo maji yanayopita huitia kwenye ncha za vijinywele hivyo, wakaonyesha kwamba nguvu hiyo, ingawa ni ndogo mno, hushuka kwenye shina la kijinywele ikiwa imekuzwa na urefu wake, na hapo shinani ndipo palipofungwa nyuzi za aktini zinazoshikilia umbo la seli. Waliokwenda kwenye maji mafupi ya Micheweni, ambako wanawake hulima mwani, wameona jinsi miche iliyofungwa kwenye kamba inavyolala kufuata maji yanapokupwa, na jinsi kamba inavyokazika kwenye kigingi kila mkondo unapozidi; mkulima aliyeushika ule mti kwa mkono anaweza kuupima mkondo bila ya kuyatazama maji. Kijinywele cha seli ya figo hakilali kama mwani, kwa sababu ni kifupi na kigumu, lakini mvuto unaofika kwenye shina lake ni wa namna hiyo hiyo, na seli huusoma.

Miaka minne baadaye, mwaka 2004, dhana hiyo ilijaribiwa kwenye mirija ya figo za panya katika Chuo Kikuu cha Yale. Watafiti walipoongeza kasi ya maji, unyonyaji wa sodiamu na baikaboneti uliongezeka, kama ilivyotarajiwa. Jaribio lililonipendeza zaidi ni la pili. Mtu angeweza kudai kwamba kasi ikiongezeka, seli inanyonya zaidi kwa sababu tu chumvi nyingi zaidi inaifikia. Ili kuuondoa utata huo waliyafanya maji yenyewe kuwa mazito kwa kutia dekstrani, aina ya wanga isiyonyonywa, na maji mazito huvisukuma vijinywele kwa nguvu zaidi hata kasi isipobadilika. Unyonyaji ukapanda. Kisha wakatumia dawa inayozivunja nyuzi za aktini, na seli zikaacha kuujali mkondo. Ziliendelea kunyonya, lakini hazikupandisha tena unyonyaji maji yalipoongezwa. Kwa majaribio hayo ilibainika kwamba kinachosomwa ni nguvu ya maji, na kwamba nyuzi zile ndizo zinazoufikisha ujumbe ndani ya seli, ambako protini za kusafirisha sodiamu huongezewa kazi.

Mkondo huamuru pia namna seli zinavyookota protini. Protini ndogo zilizopenya kwenye kichujio, pamoja na kiasi kidogo cha albumini, protini ya damu, humezwa na seli za mwanzo wa mrija kwa kukunja utando wao na kuvuta ndani. Mwaka 2014 watafiti wa Pittsburgh walieleza kwamba seli za figo zilizooteshwa maabara humeza albumini kwa wingi zaidi zikipitishiwa maji kuliko zikiachwa kwenye maji yaliyotuama, na kwamba mwitikio huo huhitaji kalsiamu kuingia ndani ya seli. Mwaka mmoja kabla yake, kundi la Taasisi ya Wyss ya Chuo Kikuu cha Harvard liliziotesha seli za figo za binadamu ndani ya kifaa kidogo chenye njia ya maji, na kuzipitishia mkondo wenye msuguano wa daini 0.2 (daini ni kipimo kidogo cha nguvu) kwa kila sentimita ya mraba. Katika ateri zetu msuguano wa damu hufika daini 10 hadi 20, kwa hiyo huo ni mguso tu. Hata hivyo ulitosha: seli zilijipanga vizuri zaidi juu na chini, nyingi zaidi zikaota silia, unywele mmoja mrefu nitakaoueleza hapa chini, zikanyonya glukosi na albumini kwa ufanisi zaidi, na madhara ya sisplatini, dawa ya saratani inayojulikana kwa kuumiza figo, yakafanana zaidi na yanayotokea mwilini. Natamani jambo hili lijulikane kwa kila kijana wetu anayesomea maabara. Kwa miongo mingi dawa zimejaribiwa kwenye seli za figo zilizolala chini ya maji yaliyotuama ndani ya sahani ya plastiki, na seli ya figo isiyopitiwa na maji haiwezi kutuonyesha tabia yake yote.

Nimeitaja silia, na hapo nataka kukaa kidogo. Karibu kila seli ya mrija wa figo ina silia moja tu, iliyochomoza peke yake kuelekea katikati ya mrija, ndefu kuliko vijinywele. Mwanaanatomia wa Uswisi, Karl Wilhelm Zimmermann, aliielezea mwaka 1898, na hata wakati huo alidhani kwamba huenda ni kiungo cha kuhisi. Kwa karibu karne nzima baadaye wengi waliiona kuwa ni mabaki yasiyo na kazi. Kisha mwaka 2001 Helle Praetorius na Kenneth Spring, waliokuwa kwenye taasisi za afya za taifa za Marekani huko Bethesda, waliikunja silia ya seli iliyo hai kwa kuivuta na sindano ya kioo, na baadaye kwa kuipitishia maji, wakaona kalsiamu ikipanda ndani ya seli ile na kuenea hadi kwa majirani zake. Seli walizozitumia zilitokana na figo ya mbwa, aina iliyoanza kuoteshwa maabara mwaka 1958 na ambayo hadi leo imo katika maabara za dunia nzima. Mwaka 2003 waliziondoa silia kwa kemikali, na mwitikio ule wa kalsiamu kwa mkondo ukatoweka.

Wakati huo huo watu wengine walikuwa wakitafuta chanzo cha maradhi ya kurithi yanayoijaza figo vifuko vya maji. Maradhi hayo humpata takriban mtu mmoja katika kila watu 400 hadi 1,000; vifuko hukua kidogo kidogo kwa miaka, huisukuma nyama nzima ya figo, na wengi wa wagonjwa huishia kwenye mashine ya kusafisha damu wakiwa na umri wa makamo. Jeni ya kwanza, PKD1 iliyoko kwenye kromosomu ya 16, ilitambuliwa mwaka 1994, na ya pili, PKD2 kwenye kromosomu ya 4, mwaka 1996. Hakuna aliyejua protini zake zinafanya nini hasa, mpaka zilipoonekana kwenye silia. Ufunguo mmojawapo ulitoka mahali ambapo daktari wa figo asingetazama: mwani mdogo wa seli moja wa maji baridi, uitwao Chlamydomonas, unaoogelea kwa mikia miwili. Mwaka 2000 ilibainika kwamba jeni inayohitajika kuijenga mikia hiyo ni ile ile iliyoharibika katika panya wanaozaliwa na figo zenye vifuko, na silia za figo za panya hao zilikuwa fupi kupita kiasi. Mwaka 2003 kundi jingine likaonyesha kwamba seli zisizo na polisistini-1 iliyo nzima, yaani protini ya jeni ya PKD1, hazikupandisha kalsiamu zilipopitiwa na maji.

Kwa miaka zaidi ya kumi hadithi hiyo ilikaa vizuri: silia hukunjwa na mkondo, polisistini hufungua njia ya kalsiamu, na seli isiyoupata ujumbe huo hugawanyika ovyo na kutengeneza kifuko. Mwaka 2016, hata hivyo, kundi la David Clapham lilichapisha vipimo vya kalsiamu vilivyofanywa ndani ya silia zenyewe, na likasema kwamba kuikunja silia hakukuingiza kalsiamu ndani yake. Mabishano hayajesha. Mwaka 2023 makundi mawili yalionyesha kwamba silia za kiinitete, zile zinazoamua upande wa kushoto na wa kulia wa mwili, huuhisi msukumo kwa njia ya kalsiamu na polisistini-2, protini ya jeni ya PKD2, na hivyo mlango ambao ulikuwa umefungwa nusu ukafunguliwa tena. Mimi naona mabishano haya ni ya kheri, na sioni sababu ya kuwaficha wanafunzi. Kwamba seli za figo huitikia mkondo, na kwamba silia mbovu huleta vifuko, ni mambo yaliyothibitika kwa njia nyingi. Kinachobishaniwa ni kiungo kilicho baina ya hayo mawili.

Tuje kwenye madafu, kwa sababu hapa kwetu ndiyo dawa ya kila kitu. Mililita 100 za maji ya dafu zina miligramu 250 hivi za potasiamu, na dafu moja kubwa huweza kuwa na zaidi ya nusu gramu. Kwa mwenye figo nzima hilo halina tatizo lolote, na sababu mojawapo ni mkondo. Seli za mwisho wa mrija zina njia kubwa za potasiamu ambazo hubaki zimefungwa maji yanapopita polepole na hufunguka maji yanapozidi. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwenye mirija ya sungura kwamba utoaji wa potasiamu unaoongezwa na mkondo hupitia njia hizo. Anayekunywa maji mengi ya dafu huongeza mkondo mwisho wa mrija, na mkondo huo huo husaidia kuitoa potasiamu aliyoinywa. Kanuni hiyo inaeleza pia kwa nini wazee wetu wanaopewa vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha au moyo hupungukiwa na potasiamu mpaka misuli ikalegea: kidonge huizuia chumvi isinyonywe, maji mengi hufika mwisho wa mrija, na njia zile hufunguka. Kwa mgonjwa ambaye nefroni nyingi zimekwisha kufa mambo hugeuka, kwani mkondo unaofika huko ni mdogo, potasiamu hurundikana katika damu, na ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Daktari anapomwambia mgonjwa wa figo aache madafu hamnyimi neema. Anayajua yaliyomo ndani yake.

Nilisema mwanzoni kwamba mkondo ukisimama seli huziacha kazi zao; hilo nililiona kwa macho yangu kwa ami yangu, ndugu wa baba. Tezi dume ilikuwa imekua kimya kimya mpaka mkojo ukasimama kabisa; alipofikishwa hospitali tumbo la chini lilikuwa gumu, na kreatinini, taka ambayo figo huitoa, ilikuwa katika damu yake imepanda mara kadhaa juu ya kiwango. Muuguzi alimpitishia mpira, mkojo ukatoka, na sote tukashukuru. Kilichotutisha ni usiku uliofuata. Mfuko ulijaa, ukamwagwa, ukajaa tena, na ami hakuwa amekunywa maji ya kiasi hicho. Mkojo ulikuwa mweupe kama maji ya bomba. "Mwanangu," aliniambia kwa sauti iliyokauka, "hii dawa gani inayonimaliza maji yote?" Muuguzi alimjibu kwa upole, "Siyo dawa, mzee wangu. Figo zimefunguka, lakini bado hazijakumbuka kazi yake." Alikuwa akiandika kila saa kiasi kilichotoka, na akiyarudisha maji na chumvi kwa dripu kwa hesabu, si yote, ili figo zisiendelee kusukumwa.

Maneno ya muuguzi yule yanafuatana kabisa na yaliyopatikana maabara. Mirija ya mkojo ikizibwa, shinikizo hurudi nyuma mpaka kwenye nefroni, uchujaji hushuka, mkondo hufifia na seli hutanuliwa na maji yasiyokwenda popote. Katika hali hiyo seli huvunja vifaa vyake. Mwaka 1996 watafiti wa Denmark walizifunga njia za mkojo za figo zote mbili za panya kwa saa 24, wakakuta akwaporini ya mfereji wa kukusanyia imeshuka hadi karibu robo ya kiasi cha kawaida, na wiki moja baada ya kufunguliwa ilikuwa bado haijarudi yote. Protini za kusafirisha sodiamu nazo hupungua. Kwa hiyo mkojo unapofunguliwa, uchujaji hurudi kabla ya vifaa vya kunyonya, na mgonjwa huweza kupoteza zaidi ya lita tatu kwa siku. Ami alikaa hivyo siku chache, kisha mkojo ukaanza kukoza rangi, na hakuna aliyefurahi kwa rangi ya manjano kama tulivyofurahi sisi. Ingekuwa kuziba kule kumedumu kwa miezi, mambo yasingekuwa hivyo: seli zilizokaa muda mrefu bila ya mkondo na chini ya shinikizo hunyauka na kufa, nafasi yake hujazwa na nyuzi za kovu, na kovu halinyonyi chochote.

Kutoka hapo mtu wa Pemba hawezi kukwepa kukifikiria kichocho. Katika visiwa vyetu huenea aina moja tu ya minyoo yake, Schistosoma haematobium, ile inayokaa kwenye mishipa ya damu inayokizunguka kibofu. Kila jike hutaga mayai, mengine yakatoka na mkojo pamoja na damu, na mengine yakakwama kwenye ukuta wa kibofu na kwenye ncha za chini za mirija miwili inayouleta mkojo kutoka figoni. Mwili huyazunguka mayai hayo kwa uvimbe, uvimbe hugeuka kovu, na kovu huweza kujaa chokaa. Mrija ukibanwa hapo chini, figo iliyo juu yake hujaa maji, na yale yale yaliyompata ami kwa siku chache humpata mgonjwa huyu polepole kwa miaka, mara nyingi bila ya maumivu makali ya kumpeleka hospitali. Katika kijiji nilichokulia, mvulana kukojoa damu lilikuwa jambo la kuchekewa na wenzake mtoni. Hakuna aliyelihusisha na figo.

Kazi kubwa imefanyika tangu hapo. Baina ya mwaka 2012 na 2017 Unguja na Pemba zilikuwa na mradi mkubwa wa kuukomesha uambukizaji, kwa kugawa prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo hiyo, mara mbili kwa mwaka majumbani na maskuli, kuua konokono wanaoibeba minyoo hiyo katika baadhi ya maeneo na kuwaelimisha watoto. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri hapa Chake Chake ilikuwa na mkono katika kazi hiyo, na utafiti umeendelea Pemba hata baada yake. Maambukizi yameshuka sana, ingawa yapo mabonde na vijito ambako hurudi. Kwa watoto habari ni njema kwa namna ya pekee, kwa sababu uvimbe wa mirija yao bado ni laini: wakipewa dawa mapema, mara nyingi mirija hufunguka ndani ya miezi, figo iliyotanuka hunywea, na mkondo hurudi kabla seli hazijaharibika. Ninaowahofia ni wale waliokunywa prazikwanteli wakiwa tayari watu wazima, wenye miaka 40 na 50, ambao damu imekoma kwenye mkojo wao na kwa hiyo wanajihesabu wamepona. Dawa iliua minyoo, lakini haiyeyushi kovu lililokwisha kukomaa, na mtu anaweza kuwa na figo moja iliyojaa maji huku nyingine ikimbebea kazi yote bila ya yeye kujua. Altrasaundi ya figo haiumi wala haichukui muda mrefu, na kwa mtu wa rika hilo aliyewahi kukojoa damu utotoni, ningependa aombwe kuifanya siku yoyote atakayofika kituo cha afya, hata kama amekuja kwa ajili ya presha au mafua.